Wimbo Wangu Uliokwenda Ulaya Bila Mimi

Ukishuka Kariobangi, nyuma ya mafundi wanaochomelea mageti, uulize kwa Shosh. Utaonyeshwa. Jina langu ni Khavere, lakini watoto waliniita Shosh, yaani nyanya, hata kabla sijapata mvi, na wazazi wao wakafuata. Nimelea watoto wa watu miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye mkeka, ndoo mbili na kitanda ambacho mchana si changu. Mama analeta mtoto saa kumi na mbili asubuhi, anamchukua jioni. Hapo katikati mimi ndiye mama, baba, daktari na polisi. Lakini leo sikuja kujisifu. Nimekuja kumsema Mbithe, jirani yangu wa ghorofa ya pili, na ninamsema kwa sababu nampenda. Nisiyempenda simpotezei mate.

Mbithe ni Mkamba wa Kangundo. Aliletwa Nairobi na mume wake Muoki, dereva wa lori la Malaba ambaye huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, akala, akalala, akauliza remote iko wapi. Miaka kumi na minane Mbithe alishona jaketi katika kiwanda kimoja Baba Dogo, mpaka magoti yakakataa kanyagio, ndipo akafungua kibanda chake cha cherehani sokoni. Mchapakazi, hilo simnyimi. Kasoro yake ni moja tu: hajui kusema "sijui". Neno hilo halimo mdomoni mwake. Mgeni mmoja alimwuliza njia ya Dandora, ambayo iko hapa tu ukivuka, akaelekezwa kwa mkono, kwa kidole na kwa jina la Yesu, akatokea mbali huko Mukuru kwa Njenga. Alipopiga simu kulalamika, Mbithe akamwambia hiyo ndiyo njia ya kupendeza zaidi.

Mungu alimpa mtoto mmoja, Mwongeli. Mtoto huyo alipiga kinanda cha kanisa tangu miaka kumi na mmoja, miguu haifiki chini, na mchungaji akiomba mno yeye humkatiza kwa wimbo. Mwaka juzi akapata ufadhili wa kusomea muziki Ulaya, katika mji ambao Mbithe hulitaja jina lake kila siku na kila siku hulitaja tofauti. Wee! Tulikoma. Siku ya kuondoka tulifika uwanja wa ndege watu kumi na tisa, na askari wa mlangoni akauliza ni nani kati yetu anayesafiri. Kuanzia hapo ukimsalimia Mbithe "habari ya asubuhi", anakujibu huko kwa Mwongeli bado ni usiku.

Basi mwaka jana Februari akanikuta kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaongea kwa sauti ya chini. Mwongeli ameanguka mtihani. Wale wazungu wanaandika muziki kwa mistari mitano na vichwa vya viluwiluwi, naye alilelewa na kwaya inayosoma do-re-mi ubaoni. Barua imekuja: akianguka somo moja zaidi, ufadhili umekwisha, Juni arudi nyumbani.

"Na amebakisha somo gani?" nikamwuliza.

"La kutunga wimbo na wenzake. Watu wanne, nchi nne, wimbo mmoja."

"Hilo tu? Si hata walevi wa hapa nje hufanya hivyo kila Jumamosi?"

Hakucheka. Nikaona kweli mambo ni mabaya.

Sasa nikueleze huo utunzi, maana Mbithe alinisikilizisha karibu simu zote na ninaujua kama mwalimu wao. Walikuwa Mwongeli, kijana wa Norwei, msichana wa Korea na kijana wa Kolombia. Kanuni ya kwanza: hakuna ruhusa kusema "hapana". Mwenzako akileta ujinga, unasema "ndiyo, na pia", kisha unaongeza ujinga wako juu yake. Kanuni ya pili: kila wazo liandikwe kwenye kikaratasi cha manjano, kibandikwe ukutani. Wiki ya kwanza ukuta ulijaa na wimbo haukuwa na hata sauti moja. Yule wa Norwei alivua viatu ili aisikie sakafu, baridi yote ile. Wa Kolombia alilia mara mbili, na mara zote mbili wenzake wakamshukuru. Nikamwambia Mbithe, hawa wangeletwa kwangu hapa mkekani, ningewanyima uji mpaka waelewane.

Kanuni ya tatu ndiyo iliyotuingiza shimoni. Kila mmoja alete wimbo alioimbiwa kabla hajajua kusoma, ziunganishwe zote nne ziwe moja, na siku ya mtihani mwenye wimbo, yaani mama au nyanya, aonekane kwa vidio aeleze maana yake. Na hapo ndipo utakapocheka. Wa Norwei hakuwa na wimbo, alikwenda kuutafuta kitabuni. Mama wa yule Mkorea alimwekea redio tumboni kabla hajazaliwa, basi. Wa Kolombia alileta wimbo wa mwanzo wa tamthilia ya televisheni, maana ndio uliokuwa ukimtuliza. Watoto wa dunia nzima wamelelewa na mashine. Ni Mwongeli peke yake aliyekuwa na wimbo wa mdomo wa mtu, na alipowaimbia, wale wenzake wakabandua vikaratasi vyao vyote ukutani, wakaushika huo wake.

Akampigia mamake. "Mathee, unakumbuka ule wimbo ulikuwa unaniimbia nikiwa mdogo? Ni wa nani?" Akauimba kidogo.

Mtu mwingine angesema siukumbuki. Mbithe akajibu papo hapo: "Huo! Si wa nyanya yako wa Kangundo! Kikamba cha zamani hicho, hata mimi kinanipita."

Na mtoto akaamini. Atajuaje? Mwongeli ni mtoto wa Kariobangi. Kikamba chake kinaishia kwenye salamu, na hata hizo akijibiwa anakimbia. Kwao lugha ni Sheng, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha mtihani. Umwimbie Kikamba, umwimbie Kimaragoli, kwake yote ni lugha ya wazee.

Mimi wakati huo sikuyajua hayo; simu hiyo hakunisikilizisha. Nilikuwa uani kwenye bomba la ploti nafua nepi, Mbithe akashuka na simu juu juu kama sinia la harusi. "Njooni msikie urithi wa familia yetu! Wazungu wanauimba!" Akabonyeza.

Sauti nne. Zimepangwa vizuri, taratibu, na huzuni ndani yake, fidla inalia chinichini. Na maneno yalikuwa Kimaragoli. Kimaragoli changu mimi, cha Vihiga, na matamshi ya Norwei juu yake. Nilishika ukingo wa karai. Wimbo ule niliutunga mwenyewe, hapa hapa Kariobangi, kwa hasira. Maneno yake ni haya, nikiyageuza kwa Kiswahili:

Kuku wamelala, mbuzi wamelala,
mamako bado yuko njiani.
Labda ameota mizizi huko,
labda amesahau alizaa.

Haki ya Mungu nilicheka mpaka nikakaa ndani ya maji ya nepi. Wanangu, hebu fikirieni! Vijana wanne wa chuo kikuu, macho yamefumbwa, mmoja hana viatu, wanamtukana Mbithe kwa sauti nne tamu kuliko kwaya ya Pasaka, naye Mbithe amesimama pale anapangusa machozi ya fahari.

"Unacheka nini, Khavere?"

"Furaha," nikasema. "Furaha tu, Mama Mwongeli."

Ningemwambia pale pale yangeisha. Lakini mimi nami nina roho mbaya yangu ndogo, sikatai. Niliachia aendelee, nione atafika wapi. Akafika mbali. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, akaeleza kanisa zima kwamba ni wimbo wa kushukuru mvua. Jumatano kwenye chama cha akina mama akasema ni wa kumsindikiza bi harusi. Mzee Mutisya, mchonga vinyago ambaye ni Mkamba mtupu kutoka Wamunyu, akausikiliza mara tatu akasema hasikii hata neno moja. Mbithe akamwambia nyinyi wa Wamunyu mlipoteza lugha zamani mkichongea watalii. Mzee wa watu akaenda zake akijikuna kichwa.

Na mimi? Nitasema ukweli, ilianza kuniuma. Maisha yangu yote sijatunga kitu ila uwongo wa kumwambia mwenye nyumba. Sasa nimetunga kimoja, kimepanda ndege, kinaimbwa na fidla, na aliyekaa juu yake ni nyanya wa Kangundo ambaye, nijuavyo mimi, alikuwa kiziwi. Nilikuwa nikiosha vyombo nikijisemea, Khavere, wewe ndiwe mtunzi, wewe. Nikapanga siku ya mtihani nitapanda ghorofa ya pili wakiwa hewani, niseme neno moja tu.

Sikupata nafasi ya kupanda. Mbithe alishuka. Siku mbili kabla ya mtihani alisimama mlangoni pangu na mfuko wa maembe. Kwa kawaida huniita "wewe Khavere". Siku hiyo akaniita dadangu.

"Dadangu, ule wimbo wa Mwongeli..."

"Wa nyanya wa Kangundo?"

Akaweka maembe chini. "Khavere, usinifanye hivyo. Ni wako."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile aliponipigia. Mimi si Mkamba? Nilisikia si lugha yetu. Nikajua ameutoa hapa kwako." Akaketi kwenye ndoo. "Lakini ningemwambiaje? Mtoto ananiuliza, ule wimbo uliokuwa unaniimbia. Wenzake wote mama zao wataonekana. Nimwambie mimi sikukuimbia hata mmoja? Nilikuwa namwacha amelala, namchukua amelala. Nilimwimbia nini? Nilimwimbia mashine."

Sikuwa na mzaha wa kusema hapo. Nilikuwa nao, lakini nikaumeza.

"Keshokutwa mwalimu ataniuliza maana," akasema. "Nikikosea, watasema mtoto alidanganya, ni somo la pili hilo, na Juni yuko hapa. Niambie maana yake."

Nilimtazama. Nikamwambia, "Wewe siku hiyo njoo hapa. Sema koo limekauka. Nitasema mimi ni dada yako, nitaeleza mimi."

"Kwani ni maneno magumu?"

"Magumu kidogo," nikasema.

Alhamisi saa tisa alasiri watoto walikuwa wamelala mkekani. Mbithe alikuja amevaa shanga za kuazima na kilemba kilichomziba sikio moja. Tukaegemeza simu kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Ikatokea sura ya Mwongeli, mtoto wangu, amekonda! Nyuma yake wale watatu, na wa Norwei leo amevaa viatu. Kando mwalimu, mama mwenye nywele fupi na hereni kubwa kama vifuniko vya sufuria.

Mwalimu aliuliza, Mwongeli akageuza kwa Kiswahili: "Mathee, anauliza, wimbo unasema nini, na ulikuwa unauimba wakati gani?"

Mbithe akashika koo, akakohoa kikohozi ambacho hata paka asingekiamini. Nikaingiza kichwa kwenye skrini. "Hujambo, Mwongeli. Mamako hana sauti leo. Mwambie mwalimu mimi ni dada yake, nitaeleza."

"Shosh!" Uso wake ukafunguka. Lakini haraka akajirudi, akanitambulisha kwa heshima.

Sasa ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Maneno yalikuwa pale kwenye ulimi: mtunzi ni mimi, na unasema hivi na hivi. Nikamwangalia Mbithe. Mkono wake ulikuwa umekamata leso yangu pale simu haioni, umeikamata vibaya, kama mtu anayevuka barabara ya magari mengi.

Nikasema, "Kuku wamelala, mbuzi wamelala, mamako yuko njiani. Anakuja mbio, ameacha kazi huko. Hajakusahau tangu alipokuzaa. Ulikuwa ukiimbwa jioni, mama akirudi kazini."

Mwongeli akageuza. Mwalimu akavua miwani. Yule wa Kolombia, kama kawaida yake, akalia, na wenzake wakamshukuru. Yule Mkorea akaandika kitu haraka kwenye daftari, nikahofia anakijua Kimaragoli.

Kumbe balaa lilikuwa bado linakuja. Mwalimu akasema, tafadhali, mama auimbe kidogo, hata kwa sauti mbovu, wausikie unapotoka.

Mbithe akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijua sauti za wimbo, alikuwa amezisikiliza simuni mara mia, lakini koo lile la uwongo likawa la kweli. Akanigeukia. Miaka yote ile sikuwahi kuona Mbithe akikosa neno, na nilidhani nitafurahi siku nikiona.

Nikauimba mimi. Niliuimba wote, kwa ukali wake ule ule, maana sijui kuuimba vingine. Mtoto mmoja mkekani akageuka, akalala tena. Mwongeli alikuwa ananitazama bila kupepesa, midomo yake ikifuata, na alipofika mstari wa mwisho alitabasamu vizuri sana, masikini ya Mungu, kwenye "labda amesahau alizaa".

Wakapiga makofi. Mwalimu akasema hajapata kusikia mapenzi ya mama yaliyo wazi namna hiyo. Amepita. Mwongeli akapiga yowe, simu ikaanguka, tukaangalia dari la Ulaya kwa muda, kisha bando likaisha.

Mbithe akavua kilemba. Akala embe langu moja bila kuuliza. Rangi ikamrudia, na domo nalo likarudi; akaanza kupanga atakavyolieleza kanisa, akawa anauimba ule wimbo kwa pua, mm-mm-mm, mguu ukipiga sakafu. Nikawa natayarisha uji, maana saa za kuchukua watoto zilikuwa zimekaribia.

Wa kwanza kuja alikuwa Shiku, binti wa muuza mboga, rika moja na Mwongeli. Yeye pia nilimlea hapa hapa, siku zile zile, na sasa ananiletea wake. Akamwinua mtoto wake, akamfunga mgongoni.

"Niaje, Mathee Mwongeli. Unaimba ngoma gani hiyo?"

Mbithe akacheka. "Wewe nawe! Si ni ule wimbo wenu wa hapa kwa Shosh. Wewe na Mwongeli mmelala mkeka mmoja mpaka mkaenda shule."

Shiku akasikiliza. Mbithe akauimba tena kwa pua, kwa nguvu zaidi.

"Manze siujui," Shiku akasema. "Haki sijawahi kuusikia." Akatuaga, akaenda na mtoto wake.

Mbithe alibaki anaangalia mlango. Nikakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

"Khavere. Mbona Shiku haujui?"

"Labda amesahau."

"Mwongeli hakusahau."

Nilizima jiko. Nilikuwa nimewadanganya wazungu watatu na mwalimu wao bila jasho. Huyu sikuweza.

"Shiku alichukuliwa mapema," nikasema. "Wote walichukuliwa mapema. Ule nilikuwa nauimba akibaki mmoja."

Hakuuliza mmoja yupi.

Akasema, "Niambie maana yake ya kweli. Si ile ya mwalimu."

Nikamwambia. Mistari yote minne, kwa Kiswahili, polepole. Akasema wa mwisho niurudie. Nikaurudia.

"Sikusahau," akasema. "Tulikuwa tukifungiwa ndani mpaka oda iishe. Mlango wa kiwanda ulifungwa kwa nje, Khavere. Sikusahau hata siku moja."

Nikamwambia najua. Nilijua hata wakati ule, na bado niliuimba.